Charizard wangu ana 120, wa binamu ana 330: je, karata za zamani zimekufa?

“Shikamoo. Nina miaka 17, naishi Dar es Salaam. Mjomba wangu alikulia Uingereza, na aliporudi mwaka jana aliniachia boksi la karata zake za Pokémon za mwaka 1999. Kuna Charizard, Blastoise, Hitmonchan, Professor Oak kadhaa na nyingine nyingi. Desemba binamu yangu alikuja likizo kutoka Toronto na deki ya kisasa. Charizard wangu ana HP, yaani pointi za uhai, 120. Wake, Charizard ex, ana 330. Nilipigwa mechi zote. Mara pekee niliyokaribia kushinda nilicheza Professor Oak wawili kwenye zamu moja, binamu akasema huo ni wizi na siku hizi hairuhusiwi. Je, kampuni inapandisha namba makusudi ili tununue mpya? Hizi za mjomba hazina kazi tena? Na nikianza kununua za sasa, si baada ya miaka miwili nazo zitakuwa takataka?”

Marahaba, mdogo wangu. Kinachokuuma nakielewa. Umepewa karata ambazo mtu alizitunza zaidi ya miaka ishirini, ukaziweka mezani kwa heshima zake, zikafagiliwa. Na ukiwapanga hao Charizard wawili ubavu kwa ubavu, hitimisho linakuja lenyewe: 330 ni karibu mara tatu ya 120, basi mpya ana nguvu karibu mara tatu, na mahali fulani kuna mtu kazi yake ni kuongeza namba kila mwaka. Hitimisho hilo lina ukweli ndani yake na nitakuonyesha ulipo. Ila tuanze na mechi uliyokaribia kushinda, maana jibu la maswali yako yote matatu limo humo.

Professor Oak wako anasema hivi: tupa karata zote zilizobaki mkononi, kisha vuta 7. Hadai nishati, zile karata za kulipia mapigo. Hahitaji Pokémon fulani awe mezani. Kwa sheria za 1999 ungeweza kumcheza wa kwanza, wa pili, hata wa tatu ndani ya zamu ileile, ukapita kwenye theluthi ya deki yako ya karata 60 kabla mwenzako hajagusa chochote. Sasa fuatilia maisha yake. Mwaka 2002 mchezo uliingiza aina mpya ya karata, Supporter, ambayo mchezaji anaruhusiwa moja tu kwa zamu. Mwaka 2011 kazi ileile ya kutupa zote na kuvuta 7 ilirudi kwa jina la Professor Juniper. Mwaka 2020 ikarudi kwa jina la Professor’s Research. Zote mbili ni Supporter. Maelezo ni yaleyale na namba ni ileile, 7, lakini ukishacheza moja, basi hadi zamu ijayo.

Kwa hiyo binamu yako alikuwa sahihi kwa sheria zilizoizaa deki yake, nawe ulikuwa sahihi kwa sheria zilizoizaa karata yako. Mlikuwa mnacheza michezo miwili kwenye meza moja. Na hilo lina maana kubwa kwa swali lako: wakati Charizard anapanda kutoka 120 hadi 330, Professor Oak amekuwa akishuka.

Hayuko peke yake. Kwenye boksi la mjomba tafuta Gust of Wind. Inamtoa Pokémon unayemtaka kwenye benchi la mwenzako na kumleta mbele upate kumpiga, bure, mara nyingi unavyotaka kwa zamu. Mwaka 2011 watengenezaji waliirudisha nguvu hiyo katika Pokémon Catcher, nayo ikiwa bure. Ikatawala meza kiasi kwamba mwaka 2013 walibadilisha maelezo yake: sasa lazima urushe sarafu, na isipolala upande wako, karata imepotea hivihivi. Leo anayetaka kazi hiyo kwa uhakika kwa kawaida anacheza Boss’s Orders, na hiyo ni Supporter. Akiicheza, zamu hiyo hawezi kucheza Professor’s Research. Mwaka 1999 mtu alifanya yote mawili bila kuwaza.

Hapa ndipo penye kosa ambalo karibu kila mchezaji mpya analifanya: kusoma HP kana kwamba ndiyo nguvu ya karata. Nguvu ya karata ni kile unachopata ukilinganisha na kile unacholipa, na malipo kwenye Pokémon ni ya aina nyingi. Unalipa nishati, unayoambatisha moja tu kwa zamu. Unalipa zamu za kusubiri Pokémon apande kutoka wa msingi hadi hatua ya 1 na ya 2. Unalipa nafasi ndani ya karata 60. Na tangu 2003 unalipa pia kwa karata za zawadi, ambazo mpinzani anazichukua kila akikuangushia Pokémon; nitalifikia hilo.

Mpime Charizard wa mjomba kwa kipimo hicho. Ana HP 120, na kwenye seti ile ya kwanza hakuna aliyemzidi. Chansey alimfikia tu. Pigo lake, Fire Spin, ni 100. Lakini pigo hilo linadai nishati 4, na kila ukilipiga unatupa 2. Kabla ya hapo umtoe Charmander, apande Charmeleon, ndipo Charizard. Kwa mwendo wa nishati moja kwa zamu, mapema kabisa unapiga zamu ya nne, ukipiga unabaki na nishati mbili, na unakaa zamu mbili kujaza tena. Upande wa pili wa meza kuna mtu mwenye Energy Removal nne, bure, na Super Energy Removal nne, ambazo kila moja anailipia kwa kutupa nishati yake moja tu. Moja inakurudisha nyuma zamu moja, nyingine zamu mbili. Ndiyo maana waliokuwa wanashinda mashindano wakati ule hawakumtegemea Charizard. Walimtegemea Hitmonchan, huyo huyo uliye naye: HP 70, hana hatua ya kupanda, na kwa nishati moja tu anapiga 20 tangu zamu ya kwanza. Wakamweka pamoja na Electabuzz, wakajaza deki karata za Trainer, yaani za msaada kama Professor Oak, wakaiita Haymaker. Charizard akiwa bado anakusanya nishati, Hitmonchan keshapiga ngumi ya tatu.

Mtazame na Blastoise wako pia. Hydro Pump inaanzia 40 na inaongezeka kwa nishati za maji za ziada hadi kikomo cha 60. Charizard ana udhaifu kwa maji, pigo linazidishwa mara mbili: 120. Ndiyo HP yote ya Charizard, bila hata moja kubaki. Na Blastoise ana uwezo wa Rain Dance, unaokuruhusu kuwaambatishia Pokémon wa maji nishati za maji nyingi upendavyo kwa zamu moja. Yaani hata mwaka 1999, karata iliyokuwa inatikisa meza ni ile iliyovunja kanuni ya malipo. HP zake zilikuwa 100 tu.

Sasa Charizard ex wa binamu, wa mwaka 2023. Ana HP 330. Pigo lake linaanzia 180 na linaongezeka 30 kwa kila karata ya zawadi ambayo mpinzani ameshachukua. Zawadi ni 6 kwa kila upande, na anayezimaliza zake kwanza ameshinda. Mwanzo wa mechi, basi, pigo lake la 180 halimwangushi hata Charizard ex mwenzake. Anabaki na 150. Ili afike 330 lazima uwe umeshachukua zawadi 5, na hapo unahitaji moja tu kushinda. Linganisha na yule wa 1999: pigo la 100 dhidi ya HP 120. Katika hali zote mbili pigo moja halitoshi na mawili yanatosha. Ni kama mshahara uliopanda mara tatu wakati unga na nauli navyo vimepanda mara tatu: noti ni nyingi zaidi mfukoni, ununuzi ni uleule. Maumivu yanakuja pale mtu mwenye mshahara wa mwaka 1999 anapoingia duka la leo, na ndicho kilichokupata Desemba.

Lakini nisikudanganye kwamba yote ni noti tu. Charizard wa binamu anapiga kwa nishati 2 badala ya 4. Na mara tu anapopanda kutoka mkononi, uwezo wake unakuruhusu kutafuta kwenye deki hadi nishati 3 za moto na kuziambatisha hapohapo. Anajilipia mwenyewe. Ukiwa na Rare Candy unaruka kutoka Charmander moja kwa moja hadi Charizard, ingawa si kwenye zamu ileile uliyomweka Charmander. (Hili si jipya; kwenye boksi la mjomba huenda ukakuta Pokémon Breeder, inayofanya kazi hiyohiyo.) Kwa hiyo kasi imeongezeka kweli, na kasi ndiyo nguvu hasa. Hata HP zingebaki 120, Charizard anayejilipia nishati zake angemshinda yule anayekusanya moja moja.

Na kuna mahali ambapo hata mimi ninayeupenda mchezo huu sina utetezi wa kutoa. Mwaka 2011 walitoka Reshiram na Zekrom. Reshiram: HP 130, pigo la 120, nishati 3, hana hatua ya kupanda, na akianguka mpinzani anachukua zawadi 1 ya kawaida. Mweke kando ya Charizard wako. HP kubwa zaidi, pigo kubwa zaidi, nishati pungufu, hakuna Charmander wala Charmeleon wa kusubiri. Ndani ya miaka 12 Pokémon wa msingi alimpita wa hatua ya 2 kwa kila kipimo. Ukiulizwa mfano halisi wa nguvu kupanda, taja huo.

Baada ya hapo namba zilipanda kwa miruko. Mwaka 2012 Mewtwo-EX alikuja na HP 170 akiwa wa msingi. Mwaka 2019 Pikachu na Zekrom waliwekwa pamoja kwenye karata moja, HP 240. Mwaka 2020 Charizard VMAX, 330. Unaona kitu? Charizard wa 2020 ana 330 na wa binamu yako, wa 2023, ana 330 pia. Miaka mitatu, namba haikusogea. Kilichosogea ni malipo. VMAX akianguka, mpinzani anachukua zawadi 3. Wa binamu akianguka, zawadi 2. Kwa upande mwingine VMAX anawekwa juu ya Pokémon wa msingi, wakati wa binamu lazima atoke kwa Charmander mwenye HP chache ambaye unaweza kumwahi mapema. Mmoja alifunguliwa huku, akabanwa kule.

Hizo zawadi ndizo breki kubwa waliyoibuni, na wachezaji wengi wanaotoka kwenye karata za zamani hawaihesabu. Kwenye deki yako kila Pokémon akianguka mpinzani anapata zawadi 1, kwa hiyo lazima akuangushie sita. Binamu mwenye Pokémon wa zawadi mbilimbili anaangushiwa watatu tu na mechi imekwisha. Wale wa zawadi 3, wawili tu. Ndiyo maana hata katika mashindano ya leo kuna deki za Pokémon wadogo wa zawadi 1 zinazosumbua majitu: wanapoteza wanne na bado wako hai. Kila unapoona HP kubwa kwenye karata mpya, shuka hadi chini usome anapoteza zawadi ngapi. Maandishi hayo madogo ni sehemu ya bei yake.

Sasa kuhusu makusudi. Kampuni inauza karata; asiye na sababu ya kununua seti mpya hainunui. Hiyo ni kweli na hakuna haja ya kuipamba. Ila angalia pia tatizo alilonalo mbunifu hata kama angekuwa mtakatifu. Una deki iliyokamilika, nafasi 60 zote zimejaa. Nikikuletea karata mpya iliyo sawa kabisa na uliyonayo, utaibadilisha? Huna sababu. Ili iingie lazima izidi kitu kimojawapo, au ifungue njia ya kucheza ambayo haikuwepo. Ukirudia hivyo kila baada ya miezi michache, dari linapanda lenyewe, kwa sababu karata dhaifu zinazotoka hakuna anayezikumbuka na kali zote zinabaki mezani. Seti yenye karata mia mbili inahitaji tatu nne tu zilizozidi ili mchezo mzima usogee.

Na wanakosea. Mwaka 2014 walitoa Supporter iitwayo Lysandre’s Trump Card, inayorudisha karata zote zilizotupwa, za wachezaji wote wawili, ndani ya deki zao, isipokuwa Trump Card yenyewe. Kwenye karatasi inaonekana karata ya huruma. Lakini kumbuka Professor Juniper: malipo yake yote ni kwamba unatupa karata mkononi na unaikaribia siku deki itakapokwisha, na deki ikikwisha umeshindwa. Trump Card iliyafuta malipo hayo. Watu wakavuta bila hofu, wakarudisha, wakavuta tena, na mechi zikawa ndefu zisizo na mwisho. Juni 2015 ikapigwa marufuku mashindanoni. Haikuwa na HP wala pigo. Kwa miaka ile hakuna Pokémon aliyeharibu mchezo kiasi hicho.

Ukitaka kujua kama hili ni la Pokémon peke yake, tazama ndugu zake wawili. Magic: The Gathering ilianza Marekani mwaka 1993, na karata zake za kutisha za mwanzo hazikuwa viumbe. Zilikuwa vitu kama Ancestral Recall, inayovuta karata 3 kwa mana moja (mana ndiyo nishati ya mchezo huo), na Black Lotus, inayotoa mana tatu bure. Nguvu hizo hazijawahi kurudi kwa bei hiyo. Viumbe wao walipanda: Serra Angel wa 1993 ni wa mana 5, nguvu 4 na uimara 4, Baneslayer Angel wa 2009 ni wa mana 5 vilevile, nguvu 5 na uimara 5, na orodha ya uwezo juu yake. Mwendo ni uleule wa Oak kushuka na Charizard kupanda. Watengenezaji wa michezo hii waligundua, kila mmoja kwa njia yake, kwamba watu wanafurahia zaidi majitu yakigongana mezani kuliko mtu mmoja kuvuta karata dakika kumi wakati mwenzake anaangalia dirishani.

Yu-Gi-Oh! ilikwenda njia nyingine, nayo ndiyo ushahidi wangu bora kwamba namba si nguvu. Blue-Eyes White Dragon ana shambulio la 3000 tangu mwanzo, na mpaka leo 3000 ni namba kubwa kwenye mchezo ule. Namba karibu hazikupanda. Kilichopanda ni maelezo: karata za zamani nyingi hazina hata sentensi moja ya uwezo, za leo zina aya nzima, na mchezaji anaweza kuita viumbe kadhaa kwenye zamu yake ya kwanza. Yule joka wa 3000 aliyesimama peke yake bila maandishi anaondolewa bila hata kupigana. Mchezo ule hauondoi karata za zamani kwa mzunguko, kwa hiyo unategemea orodha ya marufuku. Pot of Greed, inayovuta karata 2 bure, imefungiwa kwa miaka mingi.

Pokémon inao mzunguko. Chukua karata ya binamu utazame kona ya chini kushoto: kuna herufi ndogo ndani ya kisanduku. Kwenye Charizard ex wake ni G. Mashindano ya kawaida, yaitwayo Standard, yanakubali herufi chache za karibuni tu, na ya zamani zaidi inaondolewa. Herufi F zilianza kutoka mwaka 2022 na ziliondolewa Aprili 2025. G ndiyo iliyofuata kwenye foleni. Kwa hiyo hofu yako ya miaka miwili haiko mbali na ukweli: karata iliyotoka mwanzoni mwa herufi yake inapata takribani miaka mitatu, na uliyoichelewa kuinunua inapata pungufu. Najua mzunguko unaumiza mfuko. Bado nauunga mkono, kwa sababu ndio unaomwezesha mbunifu kushusha dari. Karata kali ikiondoka, inayofuata hailazimiki kuizidi.

Basi ufanye nini? Kwanza, usizipambanishe za mjomba na deki ya kisasa tena. Mechi hiyo haiwezi kukufundisha chochote. Kama boksi lina karata za kutosha, tengeneza deki mbili kutoka humo humo, kwa sheria za 1999, na binamu achague moja. Mpe ya Blastoise, wewe chukua Hitmonchan, mkubaliane kwamba Trainer hazina kikomo. Ni mchezo mkali na mfupi, na kuna watu duniani wanaucheza hivyo hadi leo kwa kuupenda. Utaona jinsi mtu aliyezoea Supporter moja kwa zamu anavyobabaika akiruhusiwa kucheza tano. Charizard mwenyewe mwache nje ya deki, kwa sababu nitakayoieleza chini.

Pili, ukitaka mchezo wa sasa, usianze na pakiti za bahati nasibu. Pakiti ni raha ya kufungua, lakini ni njia ghali mno ya kupata karata unayoihitaji. Kuna deki zilizokamilika ziitwazo League Battle Deck, na mojawapo ya mwaka 2024 imejengwa juu ya huyohuyo Charizard ex. Mwambie binamu akija tena akuletee moja, au akununulie karata mojamoja kwa jina. Kabla ya kulipa, soma ile herufi ya kona. Deki hizo zikitoka kwenye mzunguko, kucheza nyumbani hakuna anayekuzuia. Zinachoacha kufaa ni mashindano rasmi tu. Na jambo dogo litakalokufurahisha: nishati za msingi za mjomba, za moto, maji na nyinginezo, bado zinaruhusiwa kwenye deki za leo.

Tatu, kama pesa hakuna kabisa, andika maelezo ya karata unayoitaka kwenye kipande cha karatasi, kichomeke kwenye mfuko wa plastiki mbele ya karata ya nishati, ucheze na rafiki aliyekubali. Mashindanoni hairuhusiwi. Nyumbani ni njia nzuri ya kujua kama unaipenda deki kabla hujatoa hata shilingi.

Kuna mambo matatu ambayo mimi siwezi kukumalizia kwa maandishi. La sheria: mkianza kubishana namna karata mbili zinavyogusana, palipo na mashindano au ligi rasmi kuna mwamuzi, na kazi yake ni hiyo hiyo; binamu anaweza kwenda kumuuliza kule Toronto. La pesa: ukijikuta unatumia hela ya nauli au ya shule kununua pakiti, au unawaficha nyumbani, kaa na mtu mzima unayemwamini umweleze mapema. Kufungua pakiti kunashika akili kama kamari, na kumewashika watu wazima wenye mishahara.

La tatu ni Charizard. Bei ya karata hiyo inatofautiana vibaya sana kulingana na toleo na hali yake. Tazama chini ya picha upande wa kushoto kama kuna muhuri mdogo wa toleo la kwanza. Tazama pia ukingo wa kulia wa fremu ya picha: matoleo ya mapema hayana kivuli pale, ya baadaye yanacho. Usiisugue, usiikunje, usiipige picha na kuwatumia watu usiowajua wanaokuahidi bei. Bandia ni nyingi, na hata ya kweli inahitaji kushikwa mkononi na mtu anayezijua, kwenye duka la karata linaloaminika, ili usemwe ukweli wa thamani yake. Iweke kwenye mfuko wa plastiki leo hii, kisha mpigie mjomba: alinunua wapi, mwaka gani, na je, yeye mwenyewe yuko radhi iuzwe?